Turbo Haizimwi Kabla ya Salamu

Mjomba wangu alikuwa mpishi wa halwa pale Takaungu, na mimi, baada ya kushindana na mwalimu wa hesabu na yeye kushinda, nilipelekwa kwake nikakoroge. Halwa si kitu cha kukoroga kwa mchezo. Sufuria yake ya shaba ungeweza kumlaza mtoto ndani, mwiko wake mrefu kama kasia, na samli ikianza kupanda juu huwezi kusema ngoja kwanza nijikune. Mjomba mwenyewe alikaa kwenye kigoda, kikombe cha kahawa mkononi, anatazama rangi. Hakuwa na maneno mengi, ila mteja akija. Mteja hakutajiwa bei. Alikaribishwa, akaulizwa wa nyumbani hawajambo, akapewa kipande kwenye karatasi aonje, na kahawa juu yake, ndipo bei ikatajwa. Akija mtu wa kuuliza bei mguu mmoja bado uko nje, mjomba alimjibu, "Ya leo imeshaagizwa yote." Na sufuria imejaa, mimi naiona.

Sijui kwa nini nimeanzia huko. Nilitaka kusema habari za gari. Lakini mjomba huyo ndiye aliyekuwa na gari ya kwanza niliyoigusa, pikapu kuukuu ya kupeleka halwa Malindi, haiwaki mpaka isukumwe, na msukumaji ni mimi. Siku moja ikawaka kwenye mteremko nami bado nimeshika bodi ya nyuma, ikanivuta kama ng'ombe aliyeona majani. Nilichubuka magoti yote mawili na nilicheka mpaka nyumbani. Maradhi yaliniingia hapo, hayajatoka.

Basi nimeendesha gari za watu umri wangu wote. Za hoteli, za Waitaliano wenye majumba, malori ya mawe. Watoto walipokwisha kujitegemea nikamwambia mke wangu, sasa nataka gari yangu mwenyewe, na nataka inayokimbia. Akacheka akidhani ni mzaha. Alipoiona imeegeshwa mbele ya nyumba yetu, mtaa wa Barani, Malindi, hakucheka tena.

Niliitafuta sana Mombasa, nikazionja nyingi kabla ya kununua, na mwenye kutaka shauri langu nitampa. Gari ya mbio iendee asubuhi mapema, kabla mwenyewe hajaiwasha, na uweke mkono juu ya boneti. Ukikuta ina joto, jua kuna kitu ambacho injini baridi ingekisema na yeye hataki ukisikie. Tazama magurudumu: mwenye kuweka matairi manne ya aina moja ni mtu anayeipenda gari yake, mwenye kuchanganya anajipendea mbio tu. Tazama dashibodi kama ina matundu ya skrubu. Hapo palikuwa na masaa ya mapambo, yale ya kupimia injini, na kijana aliyeyatia ameshaikimbiza hiyo gari mpaka roho yake imetoka. Na usinunue iliyobadilishwa sailensa ikapiga kelele. Kelele si mwendo. Punda analia zaidi ya farasi.

Yangu ni ya Kijapani, inavuta magurudumu yote manne, gia za mkono, na juu ya boneti ina tundu la kuvuta hewa kama pua ya mtu aliyekasirika. Ina turbo. Turbo, kwa asiyejua, ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe, ikasukuma hewa ndani, gari ikapata nguvu za ajabu. Lakini ukishaikimbiza, feni ile inawaka moto. Ukizima ghafla, oili inasimama na kuungulia humo humo, kama samli iliyoachwa bila mwiko. Yataka uiache ingurume polepole, ipoe, ndipo uzime. Watu wengi hawana subira hiyo. Sisi wa pwani tunayo bila kujua. Nikifika mahali, kabla sijagusa ufunguo lazima niulizwe hali yangu, na ya mke wangu, na ya mguu wa mke wangu, na mvua huko kwenu vipi, na mpaka tumalize, turbo imepoa. Ndiyo maana yangu ingali nzima miaka yote hii. Fundi aliponiuliza naitunza vipi nilimwambia, kwa salamu.

Shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, yeye ana Mjerumani. Sitaiponda. Ikishika barabara nzuri inatulia kama mtu aliyeshiba, na siti zake zinakukumbatia. Alfajiri moja tulitoka pamoja, na pale msituni baada ya Gede, barabara imenyooka na haina mtu, akanipita huku ananipungia mkono kama bibi harusi. Nikamkuta Matsangoni kwenye matuta, anapanda moja moja, upande upande, asikwaruze tumbo.

"Vipi shemeji," nikamwambia, "Mjerumani ana mimba?"

"Wewe cheka," akasema. "Hiyo yako ni kijiko cha chuma, chalia kila kona."

Kweli inalia. Mimi silali ndani yake. Lakini shemeji ni mtu wa kufika, kuzima na kuingia ndani, na turbo yake ilikufa. Si kosa la Mjerumani. Ni haraka ya mwenyewe.

Sasa neno lenyewe. Mke wangu alichoka na gari hii. Ni fupi, na yeye na mimi sote magoti yametuasi. Kuingia ni kama kutambaa chini ya kitanda kutafuta kiatu, kutoka ndiyo usiseme.

"Baba watoto," akaniambia, "siku moja utatolewa humu kwa koleo, kama mkaa. Iuze tupate ya kuingia kwa heshima."

Nikakubali. Akaniapisha kabisa: mnunuzi wa kweli akija, nisimharibu kwa mdomo wangu. Nisiseme gari inakunywa mafuta, nisiseme italia kona, nisianze hadithi. Nikaapa. Nilitaka atulie, na kusema kweli nilitaka pia kumwona mwenye kuipenda akiichukua. Nilitaka na sikutaka, yote mawili kwa pamoja, kama mtu anayemwoza binti yake.

Mnunuzi akatoka Nairobi. Kijana mzuri, amenipa shikamoo bila kukumbushwa. Alikuja asubuhi mapema akaweka mkono juu ya boneti, nikampenda hapo hapo. Alikuwa na kijidude cha kuchomeka chini ya usukani, kikamwambia mambo ya injini ambayo mimi nayajua kwa sikio na mengine siyajui kabisa. Akaridhika. Tukapatana niendeshe mimi mpaka Takaungu, aone mwenye gari anavyoitumia, kisha arudi nayo yeye, na akiipenda tumalize. Mke wangu alitusindikiza mlangoni akanitazama jicho moja. Nikaelewa.

Msituni nilimfungulia. Turbo ikajaza kifua, miti ikawa ukuta mmoja, na kijana akapiga paja kwa furaha. "Mzee, hii kitu inavuta! Nishaamua."

Nilisema alhamdulillahi, na moyo ukaniuma kidogo.

Matsangoni akatokea mzee mmoja tuliyesukuma malori pamoja, amesimama kando ya barabara. Ningempitaje? Nikasimama. Akainama dirishani, tukajuliana hali, akauliza na huyu mgeni wetu wa wapi, kwao mvua vipi. Tulipoondoka kijana akatabasamu. Tezo akatusimamisha mwalimu aliyewasomesha watoto wangu Kurani, naye tukampakia hadi Kilifi pamoja na kapu lake la mihogo, likawekwa mapajani pa kijana kwa sababu nyuma ni padogo. Darajani Kilifi hakutabasamu tena.

"Mzee, kila siku unasimama hivi?"

"Kila siku."

"Sasa hii ni gari ya mbio ama ni ya nini?"

"Ni ya mbio," nikamwambia. "Ikiwa njia haina watu."

Tukaingia Takaungu. Nikaegesha penye kivuli cha ukuta, mlangoni pa mkaza mjomba wangu, mjane wa yule mpishi wa halwa, kwani huwezi kugeuza gari mbele ya mlango wake ukaenda zako. Yuko hai, macho hayaoni vizuri ila anaijua sauti ya gari hii. Akatoka na mkongojo kabla sijavuta breki ya mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mkeo hajambo? Goti lake?"

"Linavumilia."

"Na huyo mwenzio? Kaketi ndani ya gari kama bibi harusi, kwani ana nini? Kijana, ushaoa?"

Kijana akacheka kwa adabu, akaniegemea. "Mzee, injini bado inawaka."

"Iache ipoe." Nikamweleza ile habari ya oili na samli.

"Najua hiyo. Lakini siku hizi kuna kidude, unafunga, unatoa ufunguo unaenda, yenyewe inangoja halafu inajizima."

"Na ikishangoja," nikamuuliza, "itakuuliza wa kwenu hawajambo?"

Hapo nilikumbuka kiapo changu, nikafunga mdomo. Kijana akatazama saa. Akasema kwa upole, si kwa ubaya, kuwa ana safari ya kurudi Nairobi, kwa hiyo tubadilishane siti sasa hivi twende, ama yeye achukue bodaboda. Nami nilijua kabisa ni moja katika mawili. Ningesema, "Mama, tuwie radhi, tuna haraka," gari ingeuzwa, na mke wangu angeketi kwenye siti ya heshima. Maneno yalikuwa mdomoni.

Mkaza mjomba akaweka mkono wake juu ya boneti, kwenye ile pua, akauacha hapo kama anayepima homa. "Bado ina moto," akasema. "Haya niambie, wajukuu hawajambo?"

"Hawajambo, mama," nikajibu. "Mwanangu yule mkubwa amepata mtoto."

"Mashaallah! Wa kike ama wa kiume?"

Nikashuka ili nimweleze vizuri. Nikasikia mlango wa upande wa pili unafunguliwa, kisha unafungwa taratibu, bila kubamizwa, na kwa hilo namsifu mpaka leo. Kijana akazunguka nyuma ya gari, akaitazama mara moja, akashika njia ya mchanga kuelekea kwenye bodaboda, kijidude chake mkononi, wala hakugeuka.