Lengalenga Nyuma ya Jiko

Juzi, sokoni Kasongo, binti yangu aliniuliza aanze na mbegu gani katika bustani yake ya kwanza. Nikamchagulia lengalenga, mchicha wa kwetu, huku nikicheka.

Utotoni, kule Kabambare, mama alinipa mbegu hizo, ndogo kama vumbi. Nilizipanda kwenye udongo wenye harufu ya mvua, zikapotea. Baba alikuwa akichenjua dhahabu mtoni, kwa hiyo nilijua la kufanya. Nikachota udongo kwenye karai, nikauosha, maji machafu nikayamwaga nyuma ya jiko.

“Unatafuta nini humo, mutoto wangu?” mama akauliza.

“Mbegu. Zitabaki chini, kama dhahabu ya baba.”

Sikujua kwamba mbegu huelea. Karai lilibaki na mchanga mtupu, nami nikalia.

Lakini nyuma ya jiko lengalenga ziliota kwa fujo. Siku baba aliporudi mikono mitupu, mama alimtengea bugali na mboga ile.

“Kula. Mutoto wako anajua kuosha udongo kukupita.”