Namba Kumi na Nne na Wimbo wa Mwenyekiti

Nhàn alikereza vyuma miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha meli, Hải Phòng. Siku kiwanda kilipokufa alipewa vitu viwili: cheti cha mfanyakazi hodari chenye mhuri mwekundu, na ruhusa ya kununua mashine yake ya kukereza kwa bei ya chuma chakavu. Cheti hakikuhitaji winchi. Mashine, yaani Namba Kumi na Nne, iliingia chumba cha mbele baada ya mlango kung'olewa pamoja na kipande cha ukuta, ikakaa kando ya madhabahu ya mungu wa nyumba, ambaye tangu hapo anafukiziwa udi uliochanganyika na harufu ya grisi. Hajalalamika.

Aliyelalamika ni umeme. Mota ya Namba Kumi na Nne ilitaka umeme wa viwandani, wa fezi tatu, na kichochoro kizima kina fezi moja. Miaka sita Nhàn aliidanganya kwa kapasita. Kila alipoiwasha iliguna kama nguruwe anayeburutwa, taa za nyumba tisa zikasinzia, na spika ya karaoke ya Quyết, mwenyekiti wa kichochoro, ikakatika pale pale anapopandisha sauti. Majirani walimshukuru Nhàn kimoyomoyo. Quyết hakushukuru.

"Dada Nhàn," alimwambia mbele ya watu, "Jumamosi alasiri nakuja na spika. Mimi naimba, wewe unawasha. Wimbo ukikatika, hilo dude linakwenda kuyeyushwa. Mkutano umeshapitisha."

"Mkutano wa nani, kaka?"

"Wangu."

Nhàn akaenda soko la mitumba ya mashine, akarudi na kisanduku cha ukubwa wa mkate, kile ambacho mafundi wa kule wanakiita biến tần. Kinameza umeme wa fezi moja wa nyumbani, kinatema fezi tatu, tena kwa kipimo, kadiri unavyozungusha kitufe chake. Muuzaji alimwapia hivyo. Nhàn hakuamini, kwa kuwa aliwahi kuapiwa pia kwamba kiwanda hakitafungwa.

Jumamosi Quyết alifika akivuta spika yake ya magurudumu. Thắm, muuza juisi ya miwa, alikuja kushuhudia, maana shafti ya kinu chake ilikuwa inangoja kukerezwa. Quyết akakohoa, akaanza kuimba habari za mama yake mzazi.

Mkono wa Nhàn ukafanya ulichozoea. Ukashika wenzo wa zamani wa kuwashia, ambao alikuwa ameuacha kati ya kisanduku na mota, ukauvuta kwa kishindo. Kisanduku kikaandika herufi mbili nyekundu, kikagoma.

"Shangazi," Thắm akanong'ona, "ndiyo imewaka?"

"Bado. Mkono wangu ndio mkaidi."

Alikumbuka maneno ya muuzaji: kisanduku hakipendi kushtuliwa, kila kitu kiombwe kwa kitufe. Akachomoa uzi mwekundu madhabahuni, akaufunga ule wenzo palepale ulipo usishikike tena. Akafuta zile herufi. Halafu, kwa vidole viwili, akazungusha kitufe kama anayefungua mtungi wa asali.

Namba Kumi na Nne ikaamka bila kuguna. Taya zake nne, zile zinazobana chuma na kukizungusha, zikaanza kupita mbele ya Nhàn, moja baada ya nyingine, polepole kama watu wanaotoka hekaluni. Aliona kovu la mwaka ule alipoangusha nyundo. Aliona namba iliyogongwa kwa patasi. Miaka yote aliijua ikiwa imesimama, na aliijua ikiwa ukungu unaovuma. Hapa katikati hakuwahi kufika. Ilikuwa kama kumwona mumeo akitembea kwa mara ya kwanza baada ya kumzoea kitandani na mbioni.

Juu, taa ilitulia kama jua la picha.

"Unawasha lini?" Quyết akauliza kwenye maikrofoni.

"Imeshawaka, kaka."

Quyết akasogea, akainama, maikrofoni ikining'inia. Akafuata taya kwa macho, raundi nzima, kisha nyingine. Mdomo ulikuwa wazi na hautoi kitu. Kwenye spika ilibaki ngoma tupu, inamsubiri.

"Mjomba," Thắm akasema, "wimbo umekatika."

Quyết alishtuka, akanyanyua maikrofoni, akarukia ubeti wa tatu kwa kasi ya mtu anayefukuzwa, ili mashine isiende kuyeyushwa.