Uzi na Vidole vya Shangazi

Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, aliuza tiketi za ndege mpaka alipostaafu, katika chumba kimoja chenye feni iliyolia kama mlango mbovu. Mezani pake palikuwa na tufe la dunia lililopauka na kipande cha uzi mweusi wa kushonea. Kompyuta zilikuja, uzi ukabaki palepale.

Mteja akiuliza, "Mama, ni mbali?" aliunyoosha uzi juu ya tufe, kutoka uwanja huu wa ndege hadi ule. "Huo ndio mwendo wa ndege," alisema. "Sasa tutafute wako." Kisha aliongeza upana wa vidole: kidole cha barabara ya kwenda uwanjani, kidole cha foleni ya ukaguzi, viwili vya kubadili ndege, kimoja cha kungoja mizigo. Kuna aliyemtania, "Vidole vyako vinene hivyo, mama, utanifikisha mwakani!" Akamjibu, "Heri mwakani ukijua, kuliko leo ukilia kwenye benchi la uwanja." Watu walimrudia, kwa kuwa hakumdanganya mtu ili auze.

Bwana alimwita asubuhi moja, baada ya sala yake. Binti yake wa pekee alikuwa kazini nchi ya mbali. Alipiga simu akilia: "Nimepata ndege ya leo usiku. Jamani, msimzike mama bila mimi."

Baba mdogo, aliyesimamia mazishi, alitazama simu yake. "Angani ni muda wa saa sita tu. Alfajiri yuko hapa. Tunazika kesho saa nne asubuhi." Mchungaji akaafiki.

Moyo wangu ulikataa. Niliingia chumbani kwa shangazi, nikatoka na tufe na uzi alivyokuja navyo nyumbani alipostaafu, nikaviweka mbele ya baba mdogo.

"Baba, umepima uzi. Vidole je?"

"Mwanangu, hapa ni msibani, si ofisini."

"Ndiyo, baba. Lakini haji moja kwa moja, anabadili ndege njiani. Halafu foleni, mizigo, na barabara yetu hii."

Alilivuta tufe karibu. Kisha akanyoosha uzi na kuanza kuweka vidole vyake mwenyewe, kimoja kimoja. Jirani yetu fundi cherehani akasema, "Weka na cha matope, mzee." Wafiwa tukacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi. Mazishi yakasogezwa hadi saa kumi jioni.

Siku ya pili saa nne ilipita, adhuhuri ikapita, getini kimya. Ujumbe ukaja: ndege ya pili imechelewa. Mchungaji akaanzisha wimbo, ulipokwisha akaanzisha mwingine. Nami niliomba kimoyomoyo, Bwana, mfikishe.

Saa kumi ilipokaribia, wanaume wakiwa wameshainama kulibeba jeneza, teksi ikasimama. Binti wa shangazi alishuka na mkoba wa begani tu, mizigo hakuingojea. Wakalifungua jeneza. Alimshika mama yake mikono yote miwili, akavigusa vile vidole, akamwambia maneno ambayo sikutaka kuyasikiliza, maana yalikuwa yao wawili.

Baba mdogo aliniinamia sikioni, machozi yakimtoka. "Umeona? Kidole cha mizigo, asichokitumia, ndicho kilichotuokoa."

Tufe liko kwangu sasa, na uzi wake. Safari ya shangazi mwenyewe sikujaribu kuipima. Mungu amempokea, nami nimeridhika.