Kitenge Kizee Nyuma ya Nyumba

Jambo zima lilinila dola mia nne na kumi na mbili. Nimezihesabu mara mbili, kwanza kwa vidole, halafu kwa kalamu, na mara zote mbili zimetoka sawa. Humo mna dokta wa Bujumbura, vidonge, nauli ya watu wawili, na ile wanayoiita chai pale mpakani, ambayo sikuona hata siku moja mtu akiinywa. Sijutii hata franga. Pesa nilijua kuitafuta. Siku ndizo sikujua zinanunuliwa wapi.

Tulikuwa tunakaa Kasenga, lupango moja, yaani ua mmoja, na mama-mkwe. Bwana yangu alikuwa mwalimu. Serikali ilikuwa Kinshasa, waasi walikuwa hapa Uvira, na mshahara wake haukuwa kwa huyu wala kwa yule. Kilichotulisha ni meza yangu ya chumvi na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Miaka saba ya ndoa, hakuna mtoto. Wenzangu sokoni waliitwa mama fulani na mama fulani. Minye nilibaki "bibi ya mwalimu", jina ambalo hata mteja mwenye deni alilitamka kwa huruma.

Mama-mkwe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa hesabu kama minye, ndiyo maana tuligongana. Kiangazi kilipoanza alituita wote wawili, akasema bila kukunja uso:

"Mvua ya kwanza ikianguka na hamna kitu, ninapanda Lemera. Kuna msichana huko, nyumba ya watu wazuri."

Bwana yangu aliangalia viatu vyake. Minye niliuliza, "Mama, mvua ile ya kutuliza vumbi, ao ile ya kupandia?"

Alinitazama kidogo. "Ya kupandia."

Nikajua nimepata wiki tatu.

Dokta huyo nilielekezwa na mteja aliyekuwa akinunua ndagala za kupeleka Bujumbura. Mzee mmoja mpole, mwenye maandishi madogo. Alinipima minye, akampima na bwana. Kwangu hakukuta kasoro. Mbegu za bwana zilikuwa chache, na hizo chache hazikuwa na haraka. Dokta alieleza kwamba atazichukua, atazisafisha, kisha ataziingiza kwa mrija mwembamba mpaka ndani ya nyumba ya mtoto, siku ile ile yai linapotoka. Alikuwa anazipunguzia safari, basi. Tulipotoka mle ndani tuliapa wawili kwamba habari ya mbegu zake haitavuka mpaka.

Kisha nikafundishwa kuhesabu, mimi niliyedhani najua. Siku ya kwanza ni ile damu inapotoka sawasawa, siyo ile ya doa tu. Toka siku ya tatu mpaka ya saba, vidonge. Siku ya kumi na tatu, mrija. Baada ya hapo, siku kumi na tano za kungoja. Zikipita bila damu, nirudi nipimwe.

"Dokta, hizo kumi na tano, hatuwezi kusema kumi?"

"Madamu, hapa hatuko sokoni."

"Kumi na mbili, basi."

Alicheka, akaandika kumi na tano, akapiga mstari chini yake.

Mwezi wa kwanza siku yangu ya kumi na tatu iliangukia siku ambayo bunduki zililia upande wa bondeni, na mpaka ukafungwa. Tulisimama penye bariere, kile kizuizi cha askari, toka asubuhi mpaka jua la utosi, bwana na shati lake lililopigwa pasi. Askari mmoja akatuuliza, "Haraka ya nini, mwalimu?" Minye nikasema tunakwenda kuona mgonjwa. "Mgonjwa atangoja," akasema. Mgonjwa angengoja, yai halikungoja. Vidonge vyote vikawa nimevimeza bure.

Mwezi wa pili tulivuka, mrija ukapita, nikarudi nikahesabu. Siku ya kumi na tatu ya kungoja nilikuwa ninampimia mama mmoja ndagala, nikaisikia damu. Nilimaliza kupima, nikamrudishia chenji yake, nikamwongezea kikombe kimoja juu kama kawaida. Ndipo nikafunika meza nikaenda nyumbani. Nililia mara moja, si mbili. Kesho yake asubuhi damu ilitoka sawasawa, nikaandika: siku ya kwanza.

Mwezi wa tatu ulikuwa wa mwisho kabla ya mvua. Tulivuka bila shida, tukarudi, na nikaanza kungoja upya. Dokta alikuwa amenikataza kubeba mizigo mizito, lakini mchuuzi akiacha kubeba, soko zima linajua sababu kabla yake. Kwa hiyo nilibeba beseni nusu, chini majani makavu, na juu nikatandaza ndagala mpaka lionekane limejaa. Aliyeuliza mbona ninatembea polepole, nilimjibu shingo inauma. Nilihesabu siku asubuhi nilipoamka, nikahesabu tena jioni, kana kwamba mtu angeweza kuniibia moja mchana.

Siku ya kumi na tano ilifika. Hakuna damu, hata doa. Mpaka ulikuwa umefungwa tena.

Hapa lazima nieleze jambo la lupango letu. Vitambaa vya mwezi havianikwi wazi. Vinaanikwa nyuma ya nyumba, chini ya kitenge kizee, jua livipate na macho yasivipate. Mwanaume anapita haoni kitu. Mwanamke akiona kitenge kizee kwenye kamba, anajua, na akikosa kukiona siku za mwenzake zikifika, anajua zaidi. Sisi tulikuwa wanawake watano tukitumia kamba moja. Nikasema moyoni: kikikosekana kitenge changu leo, kesho Kasenga yote itakuwa imenipongeza, na keshokutwa damu ikija, yote itakuja kunipa pole. Sikutaka pongezi wala pole. Nilitaka siku tatu za kimya.

Basi nikaanika kitenge. Ila chini yake nililazimika kuweka vitambaa, kwa sababu upepo wa ziwa hauna adabu, unafunua kila kitu. Vile vyangu vya siku zote niliogopa kuvigusa. Niliona kuvitoa ni kama kuiita damu. Nikachana shuka nililoletewa siku ya harusi, nikaloweka vipande, nikaanika.

Asubuhi ya siku ya kumi na saba jirani aliniambia mama-mkwe ametoka na kitenge chake cha kanisani, na kibidoni, dumu dogo, cha kasiksi. Kasiksi, pombe ya ndizi, haibebwi kwenda kusalimia. Inabebwa kwenda kuomba mke. Na mvua ilikuwa bado.

Niliacha meza bila mtu. Nilimkuta pale magari yanapopakia watu wa bondeni na wa milimani, ameshapanda, amekaa juu ya gunia, kibidoni katikati ya magoti.

"Mama, shuka tuongee."

"Nishuke niende wapi? Ongea, masikio niko nayo."

"Tulipatana mvua ya kupandia."

"Mvua nimeiacha." Aliinama kidogo ili wengine wasisikie. "Nimeinua kile kitenge chako. Vitambaa vyeupe kama vya altare. Weye, minye nimefua vyangu karibu miaka arobaini. Damu inaacha kivuli hata ukifua na majivu. Vile havijaona damu hata siku moja. Mwanamke anaanika vitambaa visivyotumika kwa sababu gani? Mwezi wake umekatika, na anaficha. Miaka yako yenyewe siijui, kila mara unaipunguza kama bei."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila dai isipokuwa kwamba nimezeeka. Nilishika ubao wa gari, nikamwambia polepole: sijakatika. Nangoja. Kuna dokta Bujumbura, kuna mrija, leo ni siku ya kumi na saba, na mpaka ukifunguka nakwenda kupimwa.

"Mrija," alisema. "Minye nilizaa wa kwanza mwaka wa uhuru. Huyu bwana yako nilimzaa mlimani, tukiwa tumejificha wakati wa ule uasi wa zamani, juu ya majani ya migomba. Nani alinipitishia mrija?"

Karata kubwa ilikuwa mkononi mwangu. Ningesema neno moja tu: huyo msichana wa Lemera naye ataanika kitenge kila mwezi mpaka kizeeke. Ningeshinda palepale, mbele ya abiria wote. Nikafikiria lile shati lililopigwa pasi. Nikasema:

"Dokta alitupima wawili, mama. Anatusaidia wawili."

Dereva akapiga honi.

"Wawili," alisema.

"Wawili."

Alinipa kibidoni kwanza, kisha mkono, akashuka. Chini aliweka sawa kitenge chake, akasema, "Ninakupa mpaka Jumapili."

"Mpaka ukifungwa hata Jumapili?"

"Mpaka utakapofunguka, basi. Weye huchoki?"

Ulifunguka kesho yake. Niliuliza kila askari wa bariere mara mbili kama watatuacha turudi jioni. Dokta alinipima, akatoka na karatasi, akaniambia niko na mimba ya wiki nne na siku mbili. Nikamwambia amekosea, mrija ulipita siku kumi na nane zilizopita, ninazo zote kwenye daftari. Akasema ndivyo wanavyohesabu, toka siku ya kwanza ya damu ya mwisho. Nikahesabu, nikarudia. Ni kweli. Katika maisha yangu yote ya kuuza na kununua, hiyo ndiyo mara pekee mtu alinipa nyongeza ya siku kumi na mbili bila mimi kuomba.

Mama-mkwe nilimkuta anachambua maharage uani. Nilimwambia kwa maneno matatu. Hakupiga kigelegele. Alichambua punje kama ishirini hivi, akatupa mawe mawili, akasema, "Mungu asifiwe. Kaa."

Nikakaa.

"Binti yangu mdogo, yule wa kule bondeni. Mwaka wa tano huu." Hakuinua macho kwenye ungo. "Kwa bwana yake wameanza kuulizia msichana. Mama ya bwana amekwisha kunitumia ujumbe, eti nisikasirike."

Nikachukua kiganja cha maharage nami nikaanza kuchambua.

"Sasa unishauri," akasema. "Hiyo siku ya kwanza, damu ikianza jioni, inahesabiwa siku hiyo ao kesho yake? Na bwana yake, nimwambie naye aende akapimwe? Namna gani mwanamke anamwambia mwanaume jambo kama hilo?"