Muuza stata anayesukumwa kila asubuhi

Saa moja kasorobo asubuhi, na gari la Mama Stata linasukumwa.

Fundi cherehani wa jirani yuko nyuma, mikono kwenye buti, ndala zikiteleza. Majirani wawili wako ubavuni. Mama Stata ameshika usukani, kichwa nje ya dirisha.

"Sukumeni kama watu waliokunywa chai!"

"Tutainywa saa ngapi na wewe ndiye unayetuamsha?" anajibu fundi cherehani.

Gari linakohoa, linawaka. Mama Stata anapunga mkono bila kusimama. Akisimama, litazimika.

Mwanamke huyu anaishi kwa kusuka stata, kifaa kinachoamsha injini ya gari. Gari lake mwenyewe halina stata nzima tangu mwaka jana. Kila akisuka inayolifaa, mteja anaibeba.

Safari hii ameapa. Jumamosi anampeleka mama yake kliniki ya macho, na mama ameshatoa msimamo. "Nitasukumwa nikifa," amesema. "Kwa sasa niko hai." Bila stata, bibi huyo atakodi teksi, na mtaa mzima utajua kwamba mzazi wa Mama Stata amekodi teksi.

Duka lake ni chumba kimoja chenye mlango wa bati. Gari huliegesha kwenye mteremko, jiwe chini ya gurudumu, ili jioni lijishushe lenyewe.

Ndani kuna rafu tatu. Kulia ni vipuri vipya kwenye maboksi. Kushoto ni vilivyotumika, vimejaa grisi, vimetolewa kwenye magari yaliyokufa. Katikati ni vilivyosukwa upya: ganda la zamani, ndani kaboni na bushi mpya, vipande vinavyolika kwa kuzunguka. Kila kimoja kina tone la rangi nyekundu ya kucha juu ya skrubu.

"Rangi ikipasuka najua kuna mtu kachokonoa. Dhamana ya miezi mitatu imekwisha hapo hapo," anasema.

Wenzake hupuliza rangi ya fedha mpaka kipuri king'ae. Yeye hataki. "Nikifanya hivyo nitakuwa nauza rangi."

Ukimuuliza ununue kipi, hazunguki. Pedi za breki na chochote kinachoshika gurudumu, nunua kipya, hata kama itabidi uuze redio. Mlango, kioo cha pembeni, taa: chukua kilichotumika, mlango hauchoki. Stata na alteneta, ile ya kuchaji betri, chukua iliyosukwa, mradi unajua nani kaisuka na utampata wapi ikigoma.

Leo Alhamisi, stata ya gari lake iko tayari mezani, imefungwa kwenye kanga kuukuu, ikisubiri jioni aifunge garini.

Saa nne anaingia dereva wa teksi, stata mbovu mkononi. Watu humwita Dakika Tano, kwa sababu ndilo jibu lake kila abiria anapompigia simu. Gari lake ni aina moja na la Mama Stata, na rafu ya katikati leo haina inayolifaa.

"Dada, nipe ya kushoto. Mfuko umetoboka."

Mama Stata anaibana stata iliyotumika kwenye jiliwa, anagusisha nyaya za betri. Inazunguka ikikoroma.

"Umesikia?"

"Inazunguka, si ndiyo?"

"Inalia. Bushi zimelika. Leo itawasha, wiki ijayo utamwomba abiria ashuke asukume."

"Mbona wewe unasukumwa kila siku na huoni haya?"

"Wanaonisukuma hawanilipi nauli!"

Wote wanacheka. Dereva anauliza bei ya mpya. Anaambiwa. Anakaa kwenye ndoo.

"Hiyo ni stata au gari zima?" Kisha anaiona kanga. "Na ile uliyoivika kama mtoto?"

"Ina mwenyewe."

"Nani?"

"Mimi."

Dereva anakuna kidevu. "Basi nifungie hiyo inayokoroma. Alfajiri nabeba wauguzi wa zamu. Nisipowaka, wanachukua dereva mwingine moja kwa moja."

Angeweza kumfungia, na mtu angeondoka na shukrani. Mama Stata anaitazama stata ya kushoto, anaitazama kanga. Anasonya, anaifungua.

"Chukua kabla sijabadili mawazo. Nusu ya bei ya mpya. Na hiyo maiti yako unaniachia."

Ndiyo sheria yake: stata iliyosukwa haitoki dukani bila mbovu kuingia. Bila maganda, hana cha kusuka.

Dereva hajafika mlangoni, simu ya Mama Stata inaita. Ni mama yake.

"Umeiuza, sivyo?"

"Mama, umejuaje?"

"Nimekuzaa mimi. Nimeshawaambia wale vijana wanaokusukuma waje Jumamosi saa mbili. Nitavaa miwani myeusi nisitambulike."

Mama Stata anacheka mpaka anashika meza. Kwa bega la kushoto ameibana simu, kwa mikono ameshaifungua stata ya Dakika Tano. Anachungulia ndani. Koili ni nzima. Ni kaboni na bushi tu zilizokwisha, na zote anazo mpya kwenye droo. Kesho itakuwa mezani, tone jekundu juu ya skrubu.

Ndoto yake, huwa anasema, ni karakana yenye chumba cha kufundishia wasichana kazi hii. Lakini ya kwanza ni ndogo zaidi: kuegesha mbele ya nyumba, mahali tambarare, na kuondoka kwa kugeuza ufunguo.

"Wale vijana waambie walale, mama," anasema kwenye simu. "Wataamka bure."

Anakata simu. Anaanza kuisugua ile stata kwa msasa, na safari hii kanga ya kuivika ameiweka mbali, chini ya kiti, ambako stata itafichwa ikikamilika, asije mteja mwingine akaiona.