Popo Kapata Godoro

Kiwandani walimwita Popo, na jina likamkaa. Kwa miaka tisa alipasua betri kuukuu za magari na kuyeyusha kwenye tanuri madini ya risasi yaliyomo. Mwaka wa tisa usingizi ukamkimbia. Nyumbani anagaagaa kitandani mpaka majogoo. Mchana, kengele ya chakula ikilia, anajitupa juu ya magunia ya majivu ya tanuri, yenye uvuguvugu bado, uso ndani kabisa, na hapo ndipo anakoroma. "Mwacheni Popo, kapata godoro!" wenzake wakacheka. Naye akajiona mjanja. Mjanja gani, jamani, anayevuta vumbi lile lile linalomnyima usingizi?

Na asiyelala hana dogo. Chai ikipoa, kelele. Mkewe akicheka na jirani, wanamsengenya. Akinyamaza, ndiyo kabisa, ana lake jambo. Popo akawa ananusa nguo zake na kumhoji kama askari. Mwanamke wa watu, aliyemvumilia hata siku za njaa, akamwambia: "Mume wangu, nimechoka kuwa mshitakiwa kwangu mwenyewe. Ikifika Ijumaa hujabadilika, narudi kwetu." Popo aliogopa, maana alimpenda sana. Lakini hata hofu ilimtoka mdomoni ikiwa matusi.

Ijumaa asubuhi, daktari aliyewapima damu kiwandani akaleta majibu.

"Kaka, damu yako imejaa risasi. Ndiyo inayokunyima usingizi, na ukikosa usingizi unaona maadui kila mahali. Unagombana na mkeo?"

Popo akainamisha kichwa.

"Basi mkeo hana kosa. Nenda kamwambie. Na magunia yale usiyalalie tena."

Akatoka mbio. Njia nzima alijisemea: nisamehe, mke wangu, ni ugonjwa, hukunikosea kitu. Alimkuta mlangoni na begi, shemeji yake, kaka wa mkewe, kasimama kando.

"Mke wangu, nisa..."

Akakwama. Hivi yule daktari alijuaje kwamba wanagombana? Nani kamwambia?

"Huyo daktari unayempelekea siri za nyumba yangu," akafoka, "umemjua tangu lini?"

Mkewe akashusha begi chini. "Daktari?" akauliza taratibu. "Kwani unaumwa?"

Shemeji naye akamtazama, akingoja.

"Siumwi!" Popo akapiga kelele. "Nijibu swali langu!"

Mkewe akaliinua begi, akampa kaka yake, wakaondoka.