Hodi za Mto Mzinga

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa tangu hapo nimelala katika miji mingi, na mingine hata majina yake nimeyasahau. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza sekondari juzijuzi, nampeleka mama yangu Mtoni kwa mtumbwi. Dada yangu Mwajuma, aliyeolewa huko, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, na mama alikuwa akienda kumtunza siku zake arobaini. Kikapuni alikuwa na samli, pilipili manga na kanga mpya.

Kwetu Mbagala, aliyepita Mto Mzinga aligonga ubavu wa mtumbwi kwa kafi mara tatu kabla ya kila kona, kisha akangoja. Viboko wakisikia, husogea kwenye kina. Hiyo tuliita kupiga hodi. Mimi msomi nikaona aibu. Nilimwambia mama kwamba kiboko hajui hodi, na tukisimama kila kona tutachelewa bure. Akaniuliza kama hayo ndiyo niliyofundishwa shuleni. Nikasema ndiyo, na nilikuwa naongopa. Akacheka kidogo, nami nikapita kona mbili bila kugonga.

Kona ya tatu tukamkuta ndama wa kiboko, karibu nasi kiasi cha kumgusa. Mara nyuma yetu maji yakapasuka, akatokea mama yake. Tulikuwa katikati yao. Ndama akaanza kujisugua kwenye mtumbwi, nao ukalala upande, maji yakaingia. Nikainua kafi nimpige.

Mama akanishika mkono.

"Weka chini," alisema polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. "Ukimpiga huyu, mie mjukuu wangu simwoni."

Nikaweka. Mkondo ukatuchukua taratibu. Mama akamtazama yule mkubwa, akamwambia, "Tuwie radhi, mama mwenzangu. Huyu wangu kasoma mpaka kasahau adabu."

Hata hapo nilikaribia kucheka. Tulipotoka katikati yao, ndama alimwendea mama yake, wakazama pamoja.

Mama hakunigombeza. Kona iliyofuata aligonga mwenyewe, akanirudishia kafi. Zilizobaki niligonga mimi. Tulipofika Mtoni aliwaambia watu wote kwamba kijana wake kapiga kafi vizuri sana, nami nilikuwa nimempakata mtoto wa Mwajuma, nimeinamisha uso. Mpaka leo sijapata karipio lililonichoma kama sifa zile.

Mwanangu, nawe una miguu isiyotulia kama yangu, sikuzuii. Lakini ufikapo palipo na wenyewe, wawe watu au wanyama, julisha kwamba umefika, kisha ngoja. Elimu yako haitapungua kwa kungoja. Na ukishakosea, usikimbilie kupiga ili kuficha kosa lako. Tulia, upite kwa upole.

Mungu akufikishe salama kila uendako, na siku utakayorudi, akukutanishe na wanaokupenda wakiwa wazima.